Kidole Nilichomwazima Dobi

Ukitaka kumjua mtu wa kufua, mshike mkono. Wa jirani yangu ulikuwa laini kuliko wa mtoto mchanga, na mimi niliyelima, nikapalilia, nikakatakata sukuma wiki maisha yangu yote, niliona haya kumsalimia mara ya kwanza. Nilidhani ni mtu wa ofisi. Kumbe ulaini ule haukuwa wa starehe. Ni magadi, mvuke na dawa ya kung'arisha mashuka vilivyomla ngozi, mpaka ncha za vidole zikabaki zinang'aa kama maharagwe yaliyomenywa. Hazikuwa na mstari hata mmoja.

Tulimwita Dobi. Chifu alimwita hivyo, pasta alimwita hivyo, na mke wake akiwa hai alimwita hivyo akikasirika. Alikuwa amefua na kupiga pasi katika hoteli moja kubwa mjini miaka zaidi ya thelathini. Walipomstaafisha walimpa saa ya ukutani na barua ya asante. Saa ilikufa kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Barua aliipiga pasi, akaitia kwenye fremu, akaitundika juu ya kitanda chake huko Soweto West, mtaa wetu wa mabati. Mimi niliishi ng'ambo ya mtaro, mlango wangu ukitazama wake, miaka kumi na minane. Kwa hiyo ninayosema nimeyaona. Sikuambiwa na mtu.

Watu wakistaafu hulala, ama huenda nyumbani kugombania mipaka ya shamba. Yeye kwao magharibi alikuwa na nyumba ya bati, imefungwa kufuli, anaifungua Desemba, anaifunga Januari. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati lililonyooka kama karatasi, akachukua viatu vyake vizuri ndani ya mfuko wa plastiki kama tunavyofanya sote ili matope yasitutangulie kazini. Akapanda mpaka barabara ya Mbagathi. Hapo kwenye lami akavua ndala, akavaa viatu, akafunga kamba, akasimama kidogo. Halafu akavua tena, akarudi nyumbani.

Nilimuuliza siku moja, "Dobi, unaenda wapi na kazi iliisha?"

"Kazi imeisha, Nyaminwa, lakini miguu haijaambiwa."

Nyaminwa ni dada, kwa lugha yao. Mimi ni Mluhya na si dada yake, lakini aliniita hivyo tangu nilipomkaripia kwa kumwaga maji ya sabuni mlangoni kwangu. Hakuniomba msamaha. Alinifulia pazia.

Vijana walimpenda na kumchokoza. Wanapita mbio, "Niaje Dobi!" na wameshafika mbele. Yeye anawaita warudi. "Njoo hapa bwana. Umeniuliza swali, ngoja jibu." Anawasimamisha, anawaambia alivyolala, mguu ulivyo, mvua anavyoiona, kisha anauliza habari za mama yao mmoja mmoja. Nimeona kijana mwenye bodaboda amezima injini kwa ajili ya salamu. Wakiondoka ananiambia, "Siku hizi salamu ni kama mtu anakutupia jiwe na kukimbia."

Nguo za siku hizi zilimsikitisha. Alisema zinatoka kiwandani zikiwa zimechoka. Suruali zenye matobo alizishika kwa vidole viwili kama panya. Mashine ya kufua aliiona mara moja, kwenye nyumba ya mtu aliyempelekea mapazia, mashine inazunguka peke yake na mwenye nyumba anatazama televisheni. Kesho yake ndipo akasema, "Haijui doa liko wapi. Inapiga kila mahali, kama polisi."

Pasi yake ilikuwa ya makaa. Kupima moto, alilamba ncha za vidole akaigusa chini, chwi. Ikilia fupi, ni moto wa pamba. Ikilia kwa kuvuta, ni wa hariri. Nilimwambia utaungua wewe. Akasema, "Anayeungua ni mwenye ngozi."

Alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likatuchosha: nguo haisemi uongo. Mtu akikuambia ana kazi nzuri, tazama kola. Mwanamke akikuambia mume amebadilika, tazama mifuko. Alichukia umbea, na bado hakuna aliyejua siri za plot yetu kama yeye, kwa sababu mashuka yetu yote yalipita mikononi mwake. Hapo nitamtolea ushahidi: hakusema hata moja.

Mtu akifa, familia ilimletea suti ama rinda la kumzikia. Hakupokea malipo. Alipiga pasi kwa nusu siku, mlango umefungwa. Lakini mazishini haendi, na hata kumsindikiza maiti mpaka kwenye gari haendi. Tulimsema kwa hilo. Alijibu, "Mimi naye tumeshaagana, kwenye kola."

Sasa nitasema la mke wake, kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimempaka mafuta, na mimi sipaki mtu mafuta. Yule mama alikohoa mwaka mzima. Sisi wanawake tulijua anakohoa, nani hakohoi na moshi huu? Tulichokosa kujua ni damu. Alikuwa anatema damu kwenye foronya, na Dobi anaziloweka kwa maji baridi na chumvi, anazifua, anazianika nyeupe kama maziwa. Kila asubuhi foronya nyeupe. Mama mwenyewe macho hayakuwa mazuri, alidhani ni makohozi tu. Tulipompeleka hospitali alikuwa mwepesi kama kikapu. Daktari akauliza, "Damu mmeiona?" Mimi nikasema hapana, kwa uhakika kabisa, kwa sababu nilikuwa naziona zile foronya kwenye kamba kila siku ya Mungu. Dobi alikuwa amesimama hapo. Hakufungua mdomo mpaka tulipotoka nje, akaniambia, "Ilikuwepo."

"Ulikuwa unafua nini wewe?"

"Nilidhani nikiitoa, imetoka."

Mtu mzima, aliyetufundisha kwamba nguo haisemi uongo. Nilimlaumu siku ile, na bado namlaumu. Lakini pia nimelea watoto, najua mtu hukimbilia kitu anachoweza kufanya kwa mikono yake, hasa kama kile kinachotakiwa hakiwezi.

Baada ya mama kufariki, ndipo ugonjwa wa sukari ukamshika yeye. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, pale kiatu kinapogusa. Akakiosha kama doa. Hakikutoka.

Wakati huo walikuja watu wa kuandikisha bima ya hospitali. Waliweka meza uwanjani kwa chifu, kompyuta ndogo, na kidude chenye mwanga mwekundu cha kusoma vidole. Mimi sikwenda kujiandikisha. Kitambulisho changu kilikuwa kimepotea, na mwili wangu ulikuwa mzima, nikaona haraka ya nini. Nilikwenda kumshika Dobi mkono kwa sababu ya mguu. Tulisimama foleni tangu asubuhi. Tulipofika mbele, msichana wa kompyuta akasema bila kuinua macho, "Mzee, kidole gumba."

Akaweka.

"Tena. Bonyeza."

Akabonyeza.

"Kingine. Kingine. Mzee, umejipaka mafuta?"

"Sijapaka."

"Pangusa kwa nywele basi."

"Nywele ziko wapi?" Foleni ikacheka, na yeye akacheka pia.

Vidole kumi vyote vilikataliwa. Msichana akapuliza kile kidude, akakifuta kwa sketi yake, wakaanza upya, vikakataliwa tena. Akasema, "Kwa hii mashine, mzee, wewe hauko."

"Na aliyesimama hapa ni nani?"

"Si mimi nimesema, ni mashine. Kuna fomu ya watu kama wewe, lakini zimeisha. Labda mwezi ujao."

"Mguu wangu haujui mwezi ujao."

Jua lilikuwa kali na watu nyuma wameanza kupiga kelele. Msichana akanitazama. "Shosho, wewe ni mtu wake?"

"Mimi ni jirani."

"Jirani ni mtu. Weka chako tumalize."

Nikaweka. Mashine ikalia tii, mara moja. Watu wakapiga makofi.

Wasomi watasema nilikosa akili. Sawa. Lakini pale kwetu tuliazimana chumvi, sufuria, kitanda cha mgeni, hata koti la kwenda mahakamani. Mtu akikosa, mwenye nacho anatoa. Hakuna hata mmoja kwenye foleni ile aliyeona kosa. Kidole ni kitu gani? Nilikuwa nacho, yeye hana.

Basi nikawa kidole chake. Siku yake ya kliniki, tunakwenda wote wawili, yeye anatoa mguu, mimi natoa gumba. Wauguzi wakanizoea. "Mama wa kidole amekuja? Haya ingia." Nikichelewa, vijana wa pale njiani wanapiga kelele, "Dobi, rimoti yako imefika!" Yeye mwenyewe aliwaambia wagonjwa wengine kwenye benchi, "Ngojeni, kidole changu kimesimama kununua nyanya." Asante hakunipa. Mimi pia sikuidai, na ningeikataa.

Halafu barabara ikaja. Waliweka alama nyekundu kwenye mabati, wakatupa siku, tingatinga zikapita. Leo magari yanapita mahali palipokuwa jiko langu. Upande wake wa mtaro ulibaki. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mtaro tu uliamua. Mimi nikahamia Kawangware, sehemu wanayoiita Kongo, kwenye chumba kando ya binti yangu, chini ya ghorofa ambayo kila nikiamka imeongezwa juu. Lakini siku ya kliniki ilipofika, nilitoka mapema na kushika Barabara ya Ngong kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu, kwenda kumpa Dobi kidole. Binti yangu alinuna. "Mama, wewe ni muhuri wa ofisi?" Nikamwambia anyamaze.

Mwaka jana nilianguka sokoni. Nilikuwa nashika kitunguu, nikaona giza, nikajikuta chini na wanawake wananipepea na leso. Ilikuwa presha. Daktari, kijana mpole, alinipimia mara tatu akidhani kipimo kimeharibika. Aliniambia nisipomeza dawa kila siku bila kuruka, upande mmoja wa mwili utalala na hautaamka. Dawa zipo, akasema, mradi uko kwenye bima.

Nilikuwa nimepata kitambulisho kipya. Nikaenda kujiandikisha hapo Kawangware. Nikaweka gumba. Msichana mwingine, kompyuta nyingine. Akakunja uso, akageuza kioo nione.

"Shosho, hapa unasema wewe ni mwanaume."

Kwenye kioo kulikuwa na picha ya Dobi. Shati limenyooka.

Walicheka, kisha akaitwa mkubwa wao, mama mmoja mwenye miwani, na kicheko kikaisha. Akaniuliza, nikamweleza kila kitu, kwa sababu sikuona cha kuficha.

"Mama, hili ni kosa kubwa. Watu wanashtakiwa kwa hili."

"Nishtaki. Niliambiwa niweke."

"Na nani?"

"Na nyinyi."

"Si sisi. Ni wale wengine."

Nikamwambia basi achukue kidole kingine, Mungu alinipa kumi. Akasema siku hizi mashine inachukua vyote, na ikikuta kimoja kina mwenyewe inakataa vyote. Kidole hakiwezi kuwa watu wawili. Ama mimi nikitoe kwa yule mzee, ama nikae bila. Na yeye nikimtoa, atatoka kabisa, ataanza upya kwa barua ya daktari kwamba vidole vyake havisomeki, barua ya chifu kwamba ni yeye, na zote mbili zipelekwe ofisi kubwa zikajadiliwe.

"Itachukua muda gani?"

"Itategemea."

"Itategemea nini?"

Akavua miwani, akaifuta. Sikumchukia. Niliona naye hajui.

Lakini nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Dobi alikuwa amepewa tarehe ya kukatwa vidole viwili vya mguu, kabla uozo haujapanda. Ilibaki wiki tatu. Daktari wake alimwambia mbele yangu, vikitoka vidole viwili sasa, mguu unabaki. Tukichelewa, tunazungumza goti.

Mama wa miwani alikuwa amenipa fomu ya kukirudisha kidole, Dobi aitie sahihi; niliificha siku nne chini ya godoro. Binti yangu aliipata. Akalia, akaniambia, "Mama, ukipooza ni mimi nitakayekugeuza kitandani. Si Dobi." Alisema kweli. Mimi ni mtu mkali na sipendi kuogopa, lakini zile siku nne niliogopa. Nikiinua mkono wa kulia nautazama kama utainuka. Siku ya tano nikaenda Soweto West.

Alinikaribisha, akanipa kiti chenye mgongo, yeye akaketi kitandani. Nikampa fomu bila kuzunguka. Aliisoma polepole, miwani imefungwa na uzi nyuma ya kichwa. Yeye alisoma kunishinda, mimi nilikomea darasa la tatu.

"Wameandika vizuri," akasema. "Mwenye alama halali. Ni wewe, kweli."

"Usiposaini sitakulaumu."

"Nikisaini mimi nakuwa nani?"

"Unangoja barua."

"Nangojea wapi?"

Akaniuliza presha ni ngapi, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akachukua kalamu, akatia sahihi yake nzuri yenye mkia. Chini kulikuwa na kisanduku cha kuweka gumba. Akalipaka wino wa kalamu, akabonyeza. Likatoka duara jeusi, zima, halina chochote ndani. Akalitazama sana. Mimi nilitazama ukuta. Ningefurahi kama angenitukana. Angesema Nyaminwa umenichimbia kaburi, nami ningejibu, tungegombana kama zamani, nirudi nyumbani na hasira. Alisema tu, "Chukua. Usiikunje, wasije wakaikataa."

Nilikwenda nayo mpaka Kongo nimeishika mbele yangu mikono miwili, kama sinia.

Nikaandikishwa. Dawa nakunywa, moja asubuhi, nusu jioni. Tarehe ya Dobi ilifika, akaenda peke yake, akawaonyesha mikono. Wale wauguzi waliotuzoea walimsikitikia sana, mmoja alilia, lakini bila bima chumba cha upasuaji hakifunguki. Kanisa lilichanga likapata bandeji na dawa za maumivu. Watoto wake walituma walichokuwa nacho. Barua zote mbili zilipelekwa ofisi kubwa. Nilikwenda huko mara mbili kuuliza. Mara ya kwanza waliniambia netiwaki haipo. Mara ya pili wakaniuliza mimi ni nani kwake, nikasema jirani, wakasema jirani si mtu wa karibu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Ilikuwa mchana. Alikuwa mlangoni juu ya kigoda, mguu umewekwa juu ya mtungi wa maji na kufunikwa kitambaa, na harufu ilinipokea kabla yake. Shati lilikuwa na mikunjo.

"Barua imejibiwa?" nikauliza.

"Wamesema niko kwenye foleni." Akatabasamu kidogo. "Foleni gani hii, Nyaminwa? Sioni mtu mbele, sioni mtu nyuma."

"Na daktari?"

"Daktari anasema goti. Halafu anasema leta bima."

Ng'ambo ya mtaro lori lilipita, mabati yakatetemeka. Nilikuwa nimeleta ndizi, nikamenya moja nikampa, nikamenya nyingine nikashindwa kuila. Mimi ambaye mtaa mzima uliniogopa kwa mdomo, nilikusanya maganda ya ndizi.

Yeye ndiye aliyesema. Aliniuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Ile mashine. Ulipokwenda kujiandikisha, ilikukubali?"

"Ilinikubali."

"Mara ya kwanza tu?"

Aliniangalia. Alikuwa amekunja vidole vyake ndani ya viganja, vyote kumi, juu ya mapaja.

"Hapana," nikamwambia. "Ilinikataa sana. Walinipangusa, wakanipuliza, nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Ni kwa bahati tu."

Uso wake ukafunguka. Akacheka, akapiga paja. "Hata wewe! Na hiyo mikono ya jembe! Basi ni mashine zao ndizo mbovu."

"Ni mashine zao," nikasema.

Ilikuwa imelia tii kabla sijabonyeza vizuri.